Miezi Miwili na Haki ya Mgonjwa Kujua

Miongoni mwa waumini wa Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kama ilivyo kwingineko, wapo wanaouliza iwapo kumwongezea mgonjwa miezi michache ya uhai ni kutafuta tiba au ni kushindana na siku aliyoandikiwa na Mungu. Swali hilo huwa zito zaidi mbele ya glioblastoma, saratani ya ubongo ambayo hata daktari bingwa hawezi kuing'oa yote, kwa kuwa hujipenyeza katika sehemu zinazobeba usemi, kumbukumbu na mwendo, na kuzikata hizo ni kumkata mtu mwenyewe.

Kwa ajili ya mabaki ya saratani hiyo vilibuniwa visahani vya polima, maada ya aina inayoyeyuka taratibu mwilini, vilivyotiwa dawa ya karmustini. Kazi hiyo ilitokana na utafiti wa Robert Langer na Henry Brem nchini Marekani, ambako viliidhinishwa mwaka 1996. Kisahani kina unene wa milimita 1 tu, na hutunzwa katika baridi ya angalau nyuzi 20 chini ya sifuri. Daktari hupanga hadi visahani 8 ndani ya pango lililoachwa na uvimbe, navyo hutoa dawa palepale kwa wiki mbili au tatu, wakati kidonda kinapona na mionzi haijaanza, bila kupitia kwenye kuta za mishipa ya damu zinazozuia dawa nyingi kuingia ubongoni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, nusu ya waliowekewa visahani vyenye dawa waliishi miezi 13.9 au zaidi, ilhali kwa wenzao wasiopewa dawa hiyo ilikuwa 11.6.

Hoja ya kushindana na Mungu haina nguvu hapa. Hakuna anayekataa dawa ya malaria katika hospitali ya Mwananyamala kwa kuhofia kuingilia majaliwa. Na ikiwa majaliwa hutajwa pale tu faida ya tiba inapokuwa ndogo, basi kinachobishaniwa ni thamani ya siku hizo, wala si mamlaka ya Mungu. Thamani hiyo imo katika akili iliyobaki timamu, ambayo kwayo mtu huandika wosia, hulipa deni, huomba radhi na kutubu.

Ugumu uko kwingine. Visahani huwekwa fuvu likiwa wazi na mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa, navyo vyaweza kuleta uvimbe wa ubongo, maambukizi au kidonda kisichofunga upesi. Kwa hiyo ridhaa yake haina budi kutangulia. Hata pasipo visahani, jambo ni lilelile kwa anayepewa rufaa kutoka Temeke kwenda kupasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kisha mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road: mara nyingi ndugu humwambia kuwa ni kauvimbe kadogo tu, na neno saratani hubaki kwao. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini humnyima mgonjwa maandalizi yaleyale ambayo imani yao inamtaka ayafanye, tena katika majuma ambayo bado anaweza kuyafanya.