Hatia ya Mmea Usio na Nia

Mwanzoni mwa karne hii, wafanyakazi walizunguka majabali na fukwe za Menorca, kisiwa cha Hispania, wakiondoa mmea mmoja. Walipomaliza walikuwa wameng'oa zaidi ya tani 800. Mmea huo ni Carpobrotus edulis, mtambaazi wa pwani ya Afrika Kusini ambao wenyeji huuita suurvy.

Jani lake ni nene, lina pembe tatu na limejaa maji. Likivunjwa hutoa utomvu mkali unaokaza ulimi. Shina hulala mchangani na kutoa mizizi kwenye vifundo, na kipande kilichosahauliwa baada ya palizi huanza maisha upya. Maua ya njano hugeuka waridi yanapozeeka, kisha hufuata tunda lenye mbegu tele ndani ya ute. Huko Rasi ya Tumaini Jema watu hupika jamu kwa tunda hilo, na utomvu wa majani husukutuliwa na mwenye koo linalouma au hupakwa mahali palipoungua.

Kwao, basi, ni neema. Huko Menorca ulitanda kama jamvi, ukainyima mimea mingine mwanga, maji na nafasi, katika kisiwa chenye mimea isiyoota kwingine kokote duniani. Panya na sungura wakila tunda, husambaza mbegu. Je, kiumbe kisicho na nia kinaweza kuitwa kiovu?

Aristotle aliona kwamba roho ya mmea ni ya kujilisha, kukua na kuzaana tu, haina hisi wala uchaguzi. Sifa na lawama alizihusisha na matendo ya hiari. Fiqhi ya Kiislamu nayo humkalifisha aliyebaleghe mwenye akili timamu. Kwa mizani zote mbili, suurvy haina kesi ya kujibu. Hata hivyo mmea huu huitwa mvamizi na adui, na kuung'oa huitwa vita. Lugha hiyo ina hatari yake, maana inamtoa kizimbani aliyeupanda.

Huko California ulipandwa kwa makusudi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ili kushika udongo kando ya reli, baadaye kando ya barabara kuu, hadi miaka ya 1970. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini mizizi yake haiendi chini sana, na kwenye mteremko mkali uzito wa majani yaliyojaa maji huweza kuuvuta udongo ukaporomoka. Dawa ya mmomonyoko ikawa sehemu ya ugonjwa.

Kutojua kunapunguza lawama ya mpandaji, lakini deni linabaki palepale. Ndiyo maana kuung'oa mmea huu hakufai kuitwa adhabu. Ni fidia, na jambo hili linabadilisha kazi yenyewe: anayeadhibu hung'oa akaenda zake, ilhali anayelipa deni hurudi mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mbegu zimebaki udongoni, na hungoja mpaka mimea ya asili ishike tena.

Wazanzibari wanalijua deni la namna hii. Kunguru wa India waliletwa kisiwani miaka ya 1890 ili wale taka. Leo wanawindwa kwa sababu wanakula mayai na vifaranga vya ndege wengine. Kunguru hakuomba safari ile.

Kwa hiyo mwenye hoteli au shamba la pwani ya Afrika Mashariki anayetaka mchanga utulie asiharakie kuagiza mche kutoka mbali. Atazame kwanza kinachotambaa mbele ya ua wake. Mmea wa Sesuvium portulacastrum, wa familia moja na suurvy, wenye majani manene na maua madogo ya waridi, huota wenyewe kwenye fukwe hizi na hustahimili chumvi. Auache uote.