Mshahara wa Ripota Mmoja

Tuseme wewe ni mhariri wa gazeti la mji mdogo huko Marekani. Matangazo yamehamia mitandaoni, meza nyingi za chumba cha habari ziko tupu, na mwaka huu mmiliki amekuruhusu kuajiri mtu mmoja tu. Baraza la mji halina wa kulifuatilia. Wavulana wa futiboli ya Kimarekani wanajaza jukwaa kila Ijumaa usiku. Na wapo wazazi wanaouliza kwa nini mabinti zao, wanaocheza kikapu na soka kwa shule ileile, hupata mistari miwili gazetini au wasipate kabisa. Je, ni haki mshahara huo mmoja upewe ripota wa michezo ya wasichana wa sekondari?

Nasema ni haki, ingawa njia ya kufikia jibu hilo ina kona nyingi.

Tuanze na sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Kabla yake, wasichana waliocheza katika timu za sekondari hawakufika laki tatu nchi nzima. Leo ni zaidi ya milioni tatu. Sheria iliwapa uwanja, jezi na kocha. Haikuweza kuwapa mtazamaji. Hakuna bunge linalopaswa kuliamuru gazeti huru liandike nini, na ni vyema iwe hivyo. Basi mhariri anabaki na dhamira yake.

Dhamira hiyo hukutana kwanza na soko. Gazeti huandika kinachosomwa, anasema mmiliki, na wasichana hawasomwi. Hoja hii si ya kubezwa. Gazeti lililofungwa halimwandiki mtu yeyote. Ila inadhani kwamba hamu ya wasomaji hushuka kama mvua, bila mkono wa mtu. Tazama jimbo la Iowa. Kwa miongo mingi wasichana wa huko walicheza kikapu cha watu sita kila upande: watatu wa kushambulia, watatu wa kulinda, hakuna kuvuka mstari wa kati, na kudunda mpira mara mbili tu. Kanuni hizo zilitokana na imani kwamba mwili wa msichana hauhimili kukimbia sana. Hata hivyo magazeti na redio za jimbo ziliyafuata mashindano yao kwa bidii, na ukumbi mkubwa wa Des Moines ukawa unafurika. Mwaka 1968 Denise Long, msichana wa mji mdogo sana, alifunga pointi 111 katika mchezo mmoja, na jimbo zima likamjua. Watu wa Iowa hawakuwa na damu tofauti na ya majirani zao. Walikuwa wamezoeshwa kutazama.

Wapo watakaosema leo tunaweza kuukwepa uchaguzi huu: mashine iandike. Gannett, mojawapo ya kampuni kubwa za magazeti Marekani, ilijaribu mwaka 2023. Programu ya akili mnemba ilipewa matokeo ya michezo ya sekondari, ikaandika ripoti. Mwezi Agosti gazeti la Columbus Dispatch lilichapisha ripoti ya mechi ya soka ya wavulana ambamo majina ya utani ya timu hayakuwemo. Mahali pake palibaki maelekezo ya programu ndani ya mabano. Watu walicheka, jaribio likasitishwa. Mwezi uliofuata kampuni hiyohiyo ilitangaza nafasi mbili za kazi: ripota wa Taylor Swift na ripota wa Beyoncé. Sina ugomvi na wanamuziki hao. Ninachokiona ni kwamba fedha za kumlipa binadamu akamtazame binadamu mwenzake zilikuwepo. Kilichoamuliwa ni nani atazamwe.

Na kutazamwa kuna maana gani? Ripota aliyekaa kwenye benchi la mbao ataona kwamba beki wa kushoto alianza kuchechemea katikati ya kipindi cha pili akakataa kutoka, na kwamba bao la ushindi lilikuja baada ya kocha kubadili mpangilio. Matokeo ya 2–1 hayasemi hayo. Binti akiisoma habari hiyo, anajua kuwa alichokifanya kimeonwa na mtu asiye mzazi wake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomtaka ripota huyo kwa huruma. Habari inayomsifu kila mchezaji imeandikwa na mtu ambaye hakuutazama mchezo. Kama ulinzi ulizembea, iandikwe kwamba ulizembea. Lakini hawa ni watoto wa miaka kumi na tano, na jina likishaingia intaneti halitoki. Kwa hiyo ripota akosoe mchezo, aache maumbile na sura. Kipimo changu ni rahisi: sentensi hii ungeiandika kuhusu kaka yake?

Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, iliifunga Ufaransa 2–1 katika Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali. Ghafla kila mtu alikuwa shabiki. Muulize shabiki huyo wasichana wale walikuwa wakicheza wapi mwaka mmoja kabla, na dhidi ya nani. Ushindi ulitulazimisha kuwatazama. Deni letu liko kwa wale wasiofika India, ambao ndio wengi.

Na baraza la mji je? Hilo ndilo pingamizi linalonisumbua zaidi, na silimalizi. Mji usio na jicho kwenye bajeti yake huibiwa. Ila michezo ya shule nayo ni bajeti: nani anapewa ukumbi saa kumi alasiri na nani saa mbili usiku, basi la timu ipi linalipiwa, taa za uwanja upi zinawashwa. Ripota anayewafuata wasichana kwa bidii atajikuta kwenye vikao hivyo, naye atakuwa na maswali.

Kwa hiyo ningemwajiri. Ningemtaka aandike majina kwa usahihi, aujue mchezo, na abaki uwanjani hadi filimbi ya mwisho hata wasichana wanapofungwa sita bila.