Fidia ya Aliyeumia Kazini: Ni Sadaka au Ni Haki?

Mpasua mbao akatwa vidole na msumeno wa mashine. Mwenye kazi ampeleka hospitalini, ampa fedha kidogo, kisha amwambia arudi kwao kijijini. Watu wasema: «Bwana huyu ana huruma.» Je, wamesema kweli? Fedha ile ni zawadi, au ni sehemu ndogo ya deni?

Yafaa kwanza kupambanua sadaka na haki. Sadaka hutoka katika mali ya mtoaji. Haki ni mali ya mpokeaji, ijapokuwa ingali mkononi mwa mwingine. Asiyetoa sadaka amepungukiwa na upendo; asiyelipa deni amemnyang’anya mwenzake.

Wengine hujibu: «Mwenye kazi hakumkata vidole. Kwa nini alipe?» Zamani waamuzi wa Ulaya walifikiri hivyo. Mfanyakazi aliyeumia ilimpasa kuthibitisha kwamba bwana wake ndiye aliyekosa. Lakini maskini angewezaje? Mashine haina mdomo wa kushuhudia, na wenzake waliogopa kufukuzwa. Ndipo zikatungwa sheria mpya: Ujerumani mwaka 1884, Ufaransa mwaka 1898, Ubelgiji mwaka 1903. Sheria hizo hazikuuliza tena, «Nani amekosa?» Ziliuliza, «Je, ameumia kwa ajili ya kazi?» Mfanyakazi naye alipaswa kuridhika na kiasi kilichopimwa na sheria, si hasara yake yote.

Sababu yake ni wazi. Mchumia juani hulia kivulini. Lakini mara nyingi mmoja huchuma juani, na mwingine hula kivulini. Anayepata faida ya msumeno, na hatari ya msumeno ni yake pia. Meno ya chuma yakivunjika, mwenye kazi huyatengeneza kwa fedha yake, wala hasemi kwamba ametoa sadaka. Je, chuma kitengenezwe na mtu atupwe? Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kutafutia faida.

Wengine husema: «Alikwisha kulipwa mshahara.» Mshahara ni malipo ya kazi ya siku. Hakuna aliyeuza mkono wake kwa mshahara wa mwezi. Hata fidia yenyewe si bei ya mkono, kwa maana mwili wa mtu hauna bei. Fidia humsaidia aliyeumia kupata chakula, dawa, na karo ya watoto, vitu ambavyo mkono ule ungalivileta.

Wengine tena husema: «Alizubaa mwenyewe.» Yawezekana. Lakini mtu afanyaye kazi ile ile tangu asubuhi hadi jioni hana budi kuchoka, na uchovu huzaliwa na kazi. Aliyejiumiza kwa kusudi, huyo hana haki.

Katika Kongo, sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliweka utaratibu huo, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imeufanya upya. Chama cha serikali kinachousimamia leo huitwa CNSS. Mchango kwa ajili ya hatari za kazi hutolewa na mwajiri peke yake, wala haukatwi katika mshahara. Aliyeumia hupaswa kupata matibabu, posho ya siku asizoweza kufanya kazi, na malipo ya kudumu akibaki kilema. Akifa, mjane na yatima wake wana haki yao. Hata ajali ya njiani, mtu aendapo kazini au arudipo, huhesabiwa.

Lakini wako wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote: kibarua wa siku moja, mpagazi, kijana achimbaye shaba kwa mikono yake na kuuza mawe kwa mfanya biashara. Je, pasipo karatasi hakuna deni? Hapana. Karatasi huonyesha deni, haiumbi deni. Anayekula jasho la kibarua amefungwa na dhamiri yake, hata kama hakimu hatamwita.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Asijifanye kilema, kwa kuwa atakuwa amewaibia walemavu wa kweli. Avae viatu na kofia alivyopewa. Aliyeumia aripoti upesi mbele ya mashahidi, asione haya kudai kilicho chake.

Tena fidia si mwisho wa haki. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kilimwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Vivyo hivyo, mwenye kazi aufunike msumeno wake kabla haujamkata mtu. Kulipa baada ya ajali ni haki. Kuizuia ni haki iliyo kubwa zaidi.