Kimya si ridhaa
Jirani yangu hapa Mbagala alinunua gari kwa mkopo. Mwaka ulipokwisha, mkopeshaji akahuisha bima na kumkata fedha. Alipolalamika akaambiwa: mbona ulinyamaza?

Ni kweli, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima. Lakini haikumchagulia kampuni.

Qur'an (4:29) imeshurutisha biashara iwe ya kuridhiana. Kimya cha bikira anayeposwa kimehesabiwa kuwa idhini kwa sababu ameulizwa kwanza. Je, jirani aliulizwa lini?

Kama alisomewa sharti hilo akasaini, atimize ahadi (5:1). Kama lilifichwa katika maandishi madogo, basi, ndugu Waislamu, tukumbushane: usahaulifu wa mwenzio si mali yako.