Papo Hapo

Mama yule hakuniuliza mwanawe aliuawa na nini. Hilo alilijua tangu alfajiri, alipoletewa habari kwamba pikipiki ya kijana wake imekutwa mtaroni, kwenye barabara ya kutoka Karatu kwenda lango la Ngorongoro. Nilipotoka mochwari nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono ambao nilikuwa nimetoka kuunawa mara tatu.

"Mwanangu daktari, alikufa papo hapo?"

"Ndiyo, mama. Papo hapo."

Nilikuwa nimemdanganya, na nilijua.

Nasomea shahada ya uzamili ya patholojia, na sehemu ya mafunzo ni vifo vya ghafla, vya ajali na vya kuuawa. Kwetu hakuna ofisi ya wachunguzi wa vifo kama zilizopo kwenye majiji ya Marekani. Polisi huandika ombi, daktari huufungua mwili, ripoti hurudi polisi, na ikibidi hufika kwa korona. Madaktari waliobobea katika kazi hii ni wachache mno. Ndiyo maana mwanafunzi, mwalimu wake akiwa bado ndani anaandika, anaweza kujikuta peke yake mlangoni mbele ya ndugu wa marehemu. Somo la namna ya kuwajibu sikuwahi kufundishwa.

Somo la muda nilifundishwa vizuri. Jeraha huvilia damu pale tu moyo unapoendelea kuisukuma. Mfupa mkubwa ukivunjika, mafuta ya uboho huingia kwenye mishipa. Ukiyakuta mapafuni, ujue moyo ulipiga baada ya mfupa kuvunjika. Ubongo nao hauvimbi kwa dakika moja. Kijana huyu ubongo wake ulikuwa umevimba, na tumboni mwake mlikuwa na damu aliyoimeza. Maiti haimezi. Alilala mle mtaroni kwa saa kadhaa, mwezi wa saba, na anayeijua baridi ya Karatu mwezi wa saba hahitaji kuelezwa zaidi.

"Alifariki papo hapo." Tunayapenda maneno haya. Magazeti huyaandika kila wiki, na msibani mtu huyasema akishusha sauti, kama anayekupa kitu. Nami nilidhani natoa kitu. Nilipomsoma Immanuel Kant, ambaye katika insha yake ya mwaka 1797 aliukataa hata uongo wa kumficha rafiki anayewindwa na muuaji, nilimwona kama mtu asiyewahi kukaa kwenye mkeka wa msiba. Bado namwona hivyo, kidogo. Ila alisema jambo moja nililolipita haraka: kwamba uongo, hata usipomdhuru unayemwambia, humdhuru mwingine.

Huyo mwingine nilimpata usiku, nikiwa nimelala macho. Kama kijana alikufa papo hapo, basi dereva aliyemgonga akakimbia hakumwacha mtu hai. Na magari yote yaliyopita baadaye, yakiwa na taa zake na abiria wake, hayakumpita mtu hai. Kwa maneno mawili nilikuwa nimewasamehe watu ambao sikuwa na mamlaka ya kuwasamehe, na msamaha huo niliulipia kwa fedha ya yule mama.

Mimi ni mtu wa huku, nilipaswa kukumbuka. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Siku ile habari ya kwanza iliyotufikia nyumbani ilikuwa kwamba wamekufa wote. Hawakuwa wote. Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakipita njia hiyo walisimama na kusaidia, na watoto 3 wakatolewa wakiwa hai. Walipelekwa kutibiwa Sioux City, Iowa, wakarudi mwaka huohuo. Tofauti kati ya "wote" na "wote isipokuwa watatu" ilitokana na watu kushuka kwenye gari na kwenda kutazama.

Wiki iliyofuata nilipanda Ngorongoro na wenzangu hadi makumbusho ya Olduvai. Fuvu ambalo Mary Leakey alilikuta pale tarehe 17 Julai 1959 lina umri wa miaka kama milioni 1.75, na la asili limehifadhiwa Dar es Salaam. Mwongozaji alitueleza kwamba magego yake ya mwisho yalikuwa bado hayajalika, alikufa kijana. Tukapiga picha. Hakuna aliyeuliza kama aliumia, wala mimi sikuona ajabu, kwa sababu waliokuwa na haki ya kuuliza swali hilo hawapo tena. Wa kwangu alikuwa na mama, na mama aliuliza.

Majibu ya hadubini yalipotoka yalionyesha chembe nyeupe za damu zimekusanyika kwenye majeraha, jambo linalohitaji muda. Mwalimu akaandika kwamba marehemu aliishi kwa saa kadhaa baada ya kugongwa, akatia saini. Nikamweleza nilichomwambia yule mama. Alinitazama, akasema namba ya mjomba wa marehemu ipo kwenye faili.

Nilimpigia. Nilijieleza kwa kuzungukazunguka mpaka akanikatiza.

"Daktari, hilo tunalijua. Dada yangu alikwenda mtaroni asubuhi ileile. Nyasi zilikuwa zimelala, hatua kama ishirini kutoka kwenye pikipiki. Alijikokota."

Nikauliza kwa nini basi aliniuliza.

"Alitaka kujua kama mtaandika."

"Tumeandika, mjomba."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mbuzi, na mtu akiongea Kiiraqw nyuma yake.

"Basi njoo umwambie mwenyewe."

Jumamosi kuna gari la saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshalipa nauli.