Nani Anashika Rimoti? Somo Kuhusu Walinzi wa Malango

Andiko kuu: Nehemia 7:1-5
Soma pia: Zaburi 101:2-3, Matendo 2:5-11, Luka 11:24-26

 

Jumapili hii Neno limetupeleka mahali ambapo wengi hawakutarajia: sebuleni, chini ya televisheni, pale panapokaa kale kasanduku keusi kenye taa ndogo. Wengine mnaita dikoda, wengine king'amuzi, na vijana wameleta hizi boksi za Android za kushikana na WiFi. Jina lolote ulilokipa, hicho kitu ni lango. Na lango bila mlinzi ni shimo tu kwenye ukuta.

Fungueni Nehemia sura ya saba. Sura ya sita inatuambia ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52. Kazi kubwa! Mtu wa kawaida angefanya sherehe, achinje ng'ombe, alale. Nehemia hakulala. Alipomaliza kutia milango, kitu cha kwanza alichofanya ni kupanga walinzi. Alijua ukuta mrefu haukusaidii kama lango liko wazi usiku na hakuna mtu.

Wazee wetu hapa Kiminini wanakumbuka antena iliyofungwa juu ya mti mrefu, TV ya rangi mbili inayokula betri ya gari, na mtoto mmoja nje anazungusha mti huku akiuliza, "Imeshika?" Kabla KTN haijaanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, ya serikali. Wakati huo mlinzi wa lango alikuwa Nairobi. Yeye ndiye aliamua utatazama nini, na saa ikifika alifunga, ukabaki na chengachenga. Mwaka 2015 mitambo ya analojia ikazimwa nchi nzima, tukanunua ving'amuzi, chaneli zikawa nyingi. Sasa intaneti imefika mpaka huku kwetu, na hizo chaneli hazihesabiki tena. Lango limehama kutoka Nairobi likaja sebuleni kwako. Mlinzi ni nani? Mwambie jirani yako: "Mlinzi ni wewe!"

Nataka tuone mambo manne katika andiko hili.

1. Mlinzi ni mtu wa namna gani?

Mstari wa 2. Nehemia alimweka Hanani ndugu yake, na Hanania msimamizi wa ngome. Kwa nini Hanania? Biblia haisemi alikuwa na nguvu ama pesa. Inasema alikuwa mwaminifu, na alimcha Mungu kuliko wengi. Ile sifa ya kwanza ya mlinzi haikuwa ukali.

Kila king'amuzi na kila boksi ina mahali pa kuweka namba ya siri. Lakini namba inayotoka kiwandani inajulikana na kila mtu, na mtoto wako wa darasa la sita ameijua kabla yako. Basi ibadilishe. Lakini ukishaibadilisha, swali linabaki: yule anayeijua hiyo namba ni nani wakati watu wote wamelala? Baba anaweza kufungia watoto saa mbili, kisha saa sita usiku anaketi peke yake, sauti chini, anajifungulia mwenyewe. Huyo si mlinzi. Huyo amejipa ufunguo tu.

Na tena kisanduku hakina aibu, wapendwa. Hizi boksi za intaneti zinaweka kumbukumbu ya kila kitu ulichotazama, kisha zinakuletea vingine vya kufanana nacho. Ulichotazama saa sita usiku, kesho asubuhi kinaweza kuweka picha za ndugu zake mbele ya mtoto anayetafuta katuni. Daudi katika Zaburi 101 hakuanza na macho ya watoto wake. Alianza na mwenendo wake mwenyewe ndani ya nyumba yake, na kitu anachoweka mbele ya macho yake mwenyewe. Sema amina hata kama inauma.

2. Lango lina saa zake

Mstari wa 3. Nehemia aliagiza malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na yafungwe kwa makomeo walinzi wakiwa bado wamesimama. Hakujenga ukuta bila mlango. Watu walihitaji maji, soko, wageni. Hatukuja hapa kuwaambia mtupe TV kwenye choo. Lango likifungwa milele, hilo linakuwa jela. Hekima ni kujua saa ya kufungua na saa ya kufunga.

Hata serikali imeona jambo hili. Kwa sheria za Mamlaka ya Mawasiliano, stesheni za Kenya zinatakiwa kuweka vipindi vya kufaa familia kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Bodi ya filamu nayo inaweka alama. GE ni ya kila mtu. PG, mzazi awe karibu. 16, aliye chini ya miaka hiyo asitazame. 18, hiyo ni ya watu wazima. Mzazi, zijue hizo alama kama unavyojua alama za mfuko wa mbolea. Huwezi kutia DAP mahali pa CAN halafu ulaumu mvua.

Lakini sikia: programu za intaneti hazijui saa nne usiku. Kilicho ndani kiko ndani saa yoyote, mchana kweupe, mama akiwa shambani anapalilia. Kwa hivyo ile saa ambayo stesheni inalazimishwa na sheria, kwa boksi ya intaneti ni lazima uiweke wewe. Na ona mwisho wa mstari wa 3: kila mtu alinde kuelekea nyumba yake mwenyewe. Nehemia hakukupa lango la jirani. Kabla hujasema watoto wa fulani wameharibika, simama mbele ya nyumba yako.

3. Tufunge nini na tusifunge nini?

Hapa ndipo tunahitaji Roho Mtakatifu, kwa sababu watu wengi wanafunga kisichofaa kufungwa na kuacha kile kinachoua.

Kwanza, uchafu. Hilo halihitaji semina. Uasherati, damu, uchawi unaofanywa mchezo, kamari inayoambia kijana atatajirika kwa kubonyeza simu. Funga. Na kama mtu amekuuzia boksi ati inafungua mechi zote na sinema zote bure bila kulipia, hiyo ni mali ya watu imeibiwa. Kutoka 20:15 haijabadilika. Na lango la wizi halina mlinzi. Linaingiza kila kitu.

Pili, lugha za majirani. Hapa nataka nikae kidogo. Kuna mtu anakaa na rimoti anaondoa Inooro kwa sababu ni ya Kikuyu, anaondoa Kass kwa sababu ni ya Kikalenjin, anaondoa Ramogi kwa sababu ni ya Kijaluo, kisha anasema ametakasa nyumba. Umetakasa nini, ndugu yangu? Hapa Trans Nzoia tumechanganyika. Sokoni unanunua viazi kwa mtu wa lugha moja, unauza maziwa kwa mtu wa lugha nyingine, na kwenye mazishi mnakaa hema moja. Siku ya Pentekoste, Matendo 2, Roho aliposhuka watu wa mataifa mengi walisikia matendo makuu ya Mungu kila mmoja kwa lugha yake. Sisi tunaojiita Wapentekoste tutachukiaje lugha ya mtu? Kama huelewi chaneli fulani na imejaza orodha yako, isogeze chini, weka zile za nyumbani juu. Hilo ni kupanga tu, si dhambi. Lakini usiiondoe kwa chuki.

Kipimo si lugha. Kipimo ni neno linalosemwa. Wazee hapa wanakumbuka 1992. Sisi wengine tunakumbuka mwanzo wa 2008. Tume ya Waki ilipochunguza yale mauaji, ilisikia watu wakilalamika juu ya stesheni za lugha za nyumbani zilizochochea. Kwa hivyo siku chaneli ya lugha yako wewe, unayoielewa vizuri, inayokupigia nyimbo za kwenu, itakapoanza kukufundisha kumchukia jirani, hiyo ndiyo ya kwanza kufungwa. Ya jirani hata huielewi; haiwezi kukuchochea. Ile inayoweza kukuwasha ni ya kwenu.

Tatu, mahubiri. Ndiyo, mahubiri! Mwaka 2023 nchi yote ililia juu ya Shakahola, kule Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Mambo ya kesi tunawaachia mahakama. Lakini mafundisho yale hayakusemwa msituni tu. Yalipita kwenye televisheni na kwenye YouTube, yakaingia sebuleni kwa watu waliodhani wakiona Biblia mkononi basi lango ni salama. Wapendwa, chaneli kuitwa ya injili si kibali. Watu wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko. Ukisikia mhubiri anakuambia umtoe mtoto shuleni, usiende hospitali, ama utume pesa kwa namba iliyo chini ya skrini ndipo upone, bonyeza. Funga. Hujamfunga Roho Mtakatifu. Umefunga lango usiku.

4. Mji mkubwa, watu wachache

Mstari wa 4 wengi wanaupita. Malango yamefungwa, walinzi wamesimama, lakini Biblia inasema mji ulikuwa mpana na mkubwa, watu ndani yake wachache, nyumba hazijajengwa. Ulinzi uko, maisha hayako. Ndiyo maana mstari wa 5 Mungu akaweka moyoni mwa Nehemia awakusanye watu.

Yesu alisema jambo hilo hilo katika Luka 11. Pepo mchafu akitoka, akarudi, akakuta nyumba imefagiwa na kupambwa lakini haina mwenyewe, anakwenda kuleta wengine saba. Wenye ving'amuzi mnajua jambo hili. Unaweza kufuta chaneli kumi jioni hii. Wiki ijayo mtu abonyeze kutafuta chaneli upya, zote zinarudi, pamoja na mpya ambazo hukuwahi kuziona. Kufuta peke yake hakutoshi. Mtoto uliyemfungia TV bila kumpa kitu kingine atakwenda kutazama kwa jirani, ama kwenye simu, ama kwenye kibanda cha video kule sokoni ambako hakuna anayeuliza umri.

Kila mkulima hapa anajua. Ukipalilia shamba halafu hukupanda, umewaandalia magugu nafasi. Basi panda. Keti na watoto. Tazama nao kipindi kimoja kizuri, kisha zima muulizane: huyu alifanya vizuri? Sisi tungefanyaje? Omba nao dakika kumi kabla ya chakula. Mpeleke kijana kwenye mazoezi ya kwaya. Mwambie nyanya awasimulie, maana hadithi zake hazihitaji bando. Mtoto aliyejaa hawezi kufukuzana na kila picha inayopita.

Na mzazi, mwambie mtoto kwa nini umefunga. Mtoto anayeambiwa "hapana" peke yake anasubiri tu wewe utoke. Anayeelezwa, siku moja atakuwa mlinzi mwenyewe kule Nairobi ama Eldoret, chumba cha kukodi, simu mkononi, na wewe hauko. Huyo ndiye Hanania tunayemlea. Tunatafuta mtu anayemcha Mungu mahali ambapo hakuna namba ya siri.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Badilisha namba ya siri ya kisanduku. Wazazi wote wawili waijue, isifichwe mmoja.
2. Kwenye king'amuzi, funga chaneli zisizofaa na uweke zile nzuri kwenye orodha ya unazopenda. Zikitafutwa upya, rudi ukague.
3. Kwenye boksi ya intaneti, mpe mtoto ukurasa wake mwenyewe. Netflix inaruhusu, na YouTube ina programu ya watoto. Video mbaya ikijileta, ishikilie kwa rimoti, uchague usiletewe tena. Futa kumbukumbu ya mambo ya zamani.
4. Ukiona ukurasa umejaa vipindi vya nchi na lugha usizozijua, angalia mipangilio ya nchi na lugha kabla hujamlaumu shetani.
5. Pangeni kama familia saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Iandikwe, ibandikwe ukutani, na baba aifuate wa kwanza.
6. Kwenye ushirika wa nyumbani Alhamisi, wanaojua mitambo wawasaidie wasiojua, hasa wajane na wazee wetu wanaolea wajukuu.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa nyumba zetu. Tumekuwa na ukuta, lakini mara nyingi lango limekaa wazi. Tupe uaminifu wakati watu wamelala. Ondoa uchafu, na utuondolee chuki tuliyoiita utakatifu. Linda watoto wetu wakiwa mbele yetu na wakiwa mbali. Na hizi nyumba zilizofagiwa, Bwana, njoo ukae ndani. Amina.