Mnazi Mmoja Ina Wenyewe, Wataje!

Ndugu mwandishi, unapokaa kuandika habari za Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, usianze kana kwamba hakuna aliyekutangulia. Mtaa wa Lumumba ulio hapo, ambao zamani uliitwa New Street, umeshaandikwa. Mohamed Said, aliyetoa kitabu cha maisha ya mwanasiasa Abdulwahid Sykes mwaka 1998, ameweka katika blogu yake picha na masimulizi mengi ya wazee wa chama cha African Association na wa chama cha TANU kilichozaliwa Julai 7, 1954. Ukubaliane naye au umpinge, hilo ni juu yako. Lakini ukisimulia TANU ya Kariakoo bila kumwonyesha msomaji njia ya kufika kwake, umemdhulumu msomaji.

Mtaje. Weka kiungo!

Najua kinachowatia hofu wengi: msomaji akibofya, ataondoka asirudi. Hebu ingia fremu ya viatu pale Kariakoo, uulize namba 42. Muuzaji hana. Je, anakuacha uende zako? Thubutu! "Kaa hapo kaka, kinakuja." Kijana anatumwa fremu ya jirani, na kabla hujatulia kiatu kipo mguuni. Siku ukihitaji kiatu kingine utaanzia kwa nani? Msomaji naye humrudia aliyemfikisha.

Waliotutangulia mtandaoni walilijua hilo. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati wengi wetu tukiamini kompyuta inajua Kiingereza tu. Mwaka 2005, Issa Michuzi alipofungua blogu yake akiwa Helsinki, Ndesanjo ndiye aliyemshika mkono. Pembeni mwa blogu za miaka ile kulikuwa na orodha ya wenzao. Ulibofya jina moja, likakupeleka kwa jingine, ukajikuta umekesha. Na desturi hii ya kutajana ni ya kale kuliko intaneti. Katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, washairi waliitana na kujibizana, wa bara na wa pwani, na msomaji wa mmoja akawa msomaji wa wote.

Kisha tukalegea. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuja na leseni na ada, baadhi ya blogu zikanyamaza. Wengine tukahamia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako andiko zuri la asubuhi limeshafukiwa na salamu ifikapo jioni.

Hasara ya kutotajana ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walieleza namna ya kupima uzito wa ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekea, na Google ikajengwa juu ya wazo hilo. Kwa hiyo andiko la Kiswahili lisilowekewa kiungo na yeyote huweza kubaki chini, hata likiwa bora. Tunalalamika kwamba ukitafuta Kariakoo unaletewa maandishi ya wageni. Wageni wanatajana! Sisi tunanyimana hata jina.

Basi tafuta, tena tafuta kwa bidii. Ukumbi wa Arnautoglu wengi huuandika Anatoglo; jaribu yote mawili. Mtaa wa Uhuru utafute pia kwa jina la Kichwele. Usiishie ukurasa wa kwanza wa majibu. Soma maoni yaliyo chini ya makala, maana huko ndiko mkazi wa zamani husahihisha jina la mtaa au mwaka. Kiungo kikiwa kimekufa, pitia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, huenda nakala ingalipo.

Ukishampata mwenzako, msome mpaka mwisho. Usimtupe chini kabisa ya makala pamoja na majina kumi mengine; mwingize ndani ya sentensi yako, useme ana nini ambacho wewe huna, na kama mmetofautiana, useme wapi. Halafu mwandikie mwenyewe umjulishe kwamba umemtaja. Wapo wenye makala nzuri walioacha kuandika kwa kudhani hawasomwi.